Mkono Unaomlisha Buibui

Tik. Tik-tik. Tik.

Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mtu anayegonga kikombe cha bati kwa ukucha, na jogoo alikuwa bado hajawika. Namkunda aliisikia kabla ya wote, maana masikio yake hayakuwa yakilala vizuri tangu alipohamia chumba cha upande wa jikoni. Alijiinua kwa kiwiko akangoja. Ng'ambo ya ukuta kitanda kililia, miguu ikagusa sakafu, kisha dawa ikapulizwa puani mwa mtoto, fyuu, na sauti ya mkwe wake Nakiete ikasema polepole, "Basi, mama, basi. Vuta pumzi. Bibi yupo."

Bibi yupo. Namkunda alilala tena chali, akalitazama giza. Nyumba ilikuwa yake. Mabati aliyaezeka marehemu mumewe, sakafu aliisiliba kwa mikono yake kabla haijatiwa saruji, na mtoto aliyekuwa akipuliziwa dawa alikuwa mtoto wa mwanawe. Ila bibi aliyekuwepo alikuwa mwingine.

Mtoto huyo, Navoneiwa, ambaye wote walimwita Navo, alikuwa na kifafa. Mama yake, binti wa Nakiete, alifariki Navo akiwa bado anajifunza kukaa. Baba yake, Mbonea, mwana wa Namkunda, alifanya kazi juu, kwenye kituo kinachozunguka dunia, akichomelea mabawa ya kukamatia jua, na kwao pale Chome walimwona tu kama nyota yenye haraka ikipita juu ya mlima. Kwa hiyo Namkunda ndiye aliyelea. Miaka yote alilala na mtoto kitanda kimoja, kiganja chake juu ya tumbo lake, akilisikilizia lile tetemeko lisije likamkuta amelala. Mara nyingi aliliwahi. Siku moja hakuliwahi, na Navo akatumbukia ndivani, kwenye bwawa la kumwagilia mashamba. Kama milango ya ndiva ile isingekuwa ya kisasa, inayofunguka yenyewe ikihisi kitu kizito majini, wangemtoa maiti.

Baada ya hapo ndipo kituo cha afya kilipoleta buibui.

Alikuwa buibui wa manyoya, mkubwa kama kiganja kilichofunguliwa, rangi ya kahawa iliyokaangwa. Wenzake wa porini wana hasira, lakini huyu alitoka katika ukoo uliozalishwa kwa vizazi vingi ndani ya vioo, mpaka hasira ikawatoka wakabakiwa na kuhisi tu. Nywele za miguu yake zilisikia degedege likianza ndani ya mwili wa mtoto, likipita kwenye miguu ya kitanda na sakafu, kabla mtoto mwenyewe hajajua. Akilisikia, anagonga kibati kilichowekwa mdomoni mwa shimo lake. Anayelala chumbani anaamka, anapuliza dawa, na degedege linakufa kabla halijazaliwa.

Lakini buibui wa namna hiyo alitaka mkono mmoja wa kumlisha, na mwenye mkono huo ndiye alale chumbani. Siku ya kuujaribu mkono, Namkunda aliuweka wake kwenye udongo wa sanduku la kioo. Buibui alikuja, akanyanyua mguu mmoja, akaugusa ukucha wake wa dole gumba. Namkunda akauvuta mkono. Baadaye aliwaambia majirani kwamba mdudu alimkataa, na kwa kulisema sana akaanza kuliamini. Nakiete alikuwa hapo kwa bahati tu. Alikuwa amevuka bonde kutoka Vudee kwa kikapu cha waya, kile kinachoning'inia na kuvusha watu hewani, akiwa na mkungu wa ndizi, kuja kumwona mjukuu aliyeponea majini. Aliuweka mkono wake kwa kuombwa. Buibui akaupanda, akatulia juu yake kama mtu aliyefika nyumbani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wa zamani. Hawakusema ufanyeje ukimpa jembe akalima vizuri kuliko wewe.

*

Siku ya kumlisha buibui ilikuwa Jumamosi, na kwa Navo ilikuwa sikukuu. Yeye ndiye aliyempa mdudu jina la Shangazi, kwa sababu, alisema, ana nywele nyingi na hataki kelele, sawasawa na shangazi yake wa Moshi. Nakiete alifuga nyenje kwenye ndoo yenye kifuniko cha wavu, nyenje wa kahawia wa kituo cha afya, akiwalisha maganda ya karoti. Alimtoa mmoja kwa kibanio, akamshusha polepole kwenye udongo, akasimama kimya. Mdomo wa shimo ulikuwa mtupu. Halafu, bila mtu kuona alipoanzia, Shangazi alikuwa nje na nyenje hayupo.

Kazi nyingine zilikuwa za uvumilivu. Kifuniko cha soda kijazwe maji safi. Jiwe la joto liwekwe upande mmoja tu, maana baridi ya Chome humfanya buibui asinzie. Nyenje asiyeliwa atolewe kabla ya giza, kwa kuwa buibui akiwa anajivua ngozi huwa laini kama ugali wa moto, na nyenje mwenye njaa anaweza kumtafuna yeye. Nakiete alizifanya zote akiimba chini chini, na Navo alikaa kando yake magoti yakigusana.

Namkunda alisimama mlangoni na sufuria ya makande.

"Huyo shangazi yenu hajui hata kusema asante," alisema.

"Kuna wengi humu hawajui," Nakiete akajibu, akimtazama Navo kwa jicho la utani, "na tunawapikia vilevile."

Navo alicheka mpaka akajiegemeza begani kwa Nakiete, si kwa Namkunda. Utani ulikuwa wa mtoto, Namkunda alijua, lakini ulimwingia kama mwiba wa samaki. Alirudi jikoni akapakua. Hapo juu ya kigoda chake alikuta kitambaa cha magoti kimeshapashwa moto na kukunjwa. Nakiete alikipasha kila asubuhi ya baridi na hakuwahi kulitaja jambo hilo. Namkunda alijifunga kitambaa, magoti yakapata nafuu, na nafuu yenyewe ikamuuma roho. Mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika. Huyu alikuwa hampi nafasi.

Lililomla zaidi lilikuwa jambo la chakula. Mama yake alimfundisha kwamba kila kinacholala chini ya paa la mwanamke kinakula mkononi mwake, awe mume, mgeni, mbuzi au paka. Mwanamke ambaye ndani ya nyumba yake kuna kiumbe kinacholishwa na mwingine ni mpangaji. Majirani hawakusema kitu, lakini wakija na swali lolote la Navo walimtafuta Nakiete kwa macho. Hata Mbonea, akipiga kutoka juu, sura yake ikitetema kwenye kioo, siku hizi alianza kwa kuuliza, "Mama Vudee yupo? Shangazi amekula?"

*

Basi Jumatano moja Nakiete alikwenda kanisani kwenye kikao cha akina mama, na Navo alikuwa shule. Namkunda alikwenda nyuma ya migomba, akainua gogo lililooza, akakamata nyenje wa shambani, mweusi, mnene, anayepiga teke. Alimbeba ndani ya ngumi mpaka chumbani.

Alifungua kifuniko cha sanduku, akamshusha nyenje karibu na shimo, na safari hii hakuuvuta mkono. Shangazi alitoka taratibu. Aligusa kidole cha Namkunda kwanza, mguso mwepesi kuliko unyoya wa kifaranga, kisha akamchukua nyenje akarudi kinyumenyume gizani. Namkunda alibaki ameinama pale muda mrefu, machozi yakimlengalenga kwa kitu ambacho asingeweza kumweleza mtu. Alikuwa amelisha. Nyumba ilikuwa yake tena, kwa upana wa mdomo wa shimo moja.

Alirudia. Kila alipopata nafasi ya kuwa peke yake alipita na nyenje wa gogoni, leo asubuhi, kesho mchana, bila mpango, kama mtu anayempenyezea mtoto sukari. Na haikuchukua muda Shangazi akamjua. Siku hiyo Namkunda alikuwa anapita tu ukumbini na ndoo ya maji, mikono mitupu, akasikia kutoka chumbani: tik, tik-tik.

Alisimama. Alirudi nyuma hatua chache, akasonga mbele tena.

Tik-tik.

"Unaniita," alinong'ona, na uso wake ukafunguka kama wa msichana aliyetumiwa salamu. Nakiete alikuwa anatembea mbele ya mdudu huyo mchana na usiku, wala hajawahi kuitwa.

Furaha hiyo ilidumu mpaka aliposikia mbio za miguu. Nakiete alikuwa anatoka uani, mikono ina povu la sabuni, kopo la dawa tayari limo kiganjani. Navo alikuwa kwenye ngazi akichezea mbegu za bao. Alikuwa akicheka na jambo lake mwenyewe. Nakiete alimkamata kichwa, akampuliza, akamkalisha mapajani akimtikisa taratibu, akisema Shangazi amegonga, Shangazi haongopi. Cheko la mtoto likapungua, likawa tabasamu, tabasamu likawa mdomo uliolegea. Dawa ile ilikuwa nzuri kwa degedege, lakini ikimkuta mtu mwenye afya humzima kama taa.

Namkunda alisimama ukumbini na ndoo yake. Alikuwa na neno moja tu la kusema. Lilikuwa fupi, na lilimfika mpaka kwenye meno. Alilimeza, akapeleka maji jikoni.

*

Alijiambia ataacha, na kulisha aliacha kweli. Lakini Shangazi hakuacha kumwita. Alitembea kwa vidole, akazunguka nje kwenda chooni badala ya kupita ukumbini, akavaa soksi mbili. Bado nywele zile zilimsikia, na zilipomsikia, kibati kililia, na dawa ikapulizwa. Mwalimu wa Navo alituma ujumbe kwamba mtoto analala darasani na herufi alizozijua zimemtoka. Nakiete alikonda. Alikaa macho usiku akidhani ugonjwa umezidi, na mchana alimbeba mgongoni mjukuu ambaye miguu yake ilikaribia kufika chini.

Jioni moja Navo aliletwa jikoni akae na Namkunda wakati Nakiete akioga. Namkunda alimpakata. Alikuwa ameitamani nafasi hiyo kwa miezi. Alianza kumwimbia wimbo wao wa kutwanga, ule ambao Navo mwenyewe aliutungia mstari wa mwisho wa kumcheka mbuzi wa jirani, akanyamaza ili mtoto aumalizie. Navo alimtazama kwa macho mazito.

"Unaishiaje, bibi?" aliuliza.

Namkunda aliumaliza mwenyewe, sauti ikikwaruza. Kitu alichokuwa anakigombania kilikuwa mapajani mwake, na kilikuwa kinafutika.

Hata hapo hakusema. Tusimhukumu upesi. Aliogopa kwamba akisema, Mbonea ataambiwa, na neno la mwana kwa mama yake, likisemwa kutoka huko juu mbele ya wakwe, halirudishwi. Aliogopa kuonekana kikongwe mwenye kijicho, na aliogopa zaidi kwa sababu ndicho alichokuwa. Alilala nalo, akaamka nalo.

*

Nakiete ndiye aliyemwita Sifaeli, mtaalamu wa buibui kutoka kituo cha afya. Alikuja kwa kikapu cha waya, kijana mrefu mwenye adabu, akawaamkia wote wawili kwa kuinama, akakubali chai kabla ya kazi. Kisha akatandaza kitambaa chembamba cha nyuzi chini ya sanduku na kuomba kila mtu atembee ukumbini, mmoja mmoja, kwa mwendo wake wa kawaida.

Navo alitembea. Kimya. Nakiete alitembea. Kimya. Namkunda alitamani magoti yake yakatae siku hiyo, lakini yalikubali, na hakuwa amefika katikati ya ukumbi kibati kilipoanza kulia kama mvua ya mawe.

Sifaeli alikitazama kitambaa chake, mistari ikipanda na kushuka juu yake. Alieleza bila kumlenga mtu. Buibui, alisema, hana upendo kama wetu; ana ardhi, na ana mtikisiko. Anayemlisha kwa siku yake, na kulala naye, anakuwa sehemu ya ardhi, hasikiki tena. Anayekuja kwa kushtukiza, na kila akija ana chakula, anakuwa njaa yenyewe ikitembea. Ndiyo maana anagonga. Anaomba. Haugui mtoto, anayesikika ni mtu.

"Kuna mikono miwili humu," alisema. "Na wa pili ameujua kuliko wa kwanza."

Kumbukumbu hiyo, aliendelea, iko kwenye nywele, na nywele haziondoki mpaka ajivue ngozi, pengine mara mbili, jambo ambalo kwa buibui mkubwa ni mwaka na zaidi. Njia zilikuwa mbili, na zote zinafika. Mkono wa pili uchukue kazi yote, ulale chumbani, na wa kwanza utoke kwenye nyumba. Au wa kwanza ubaki na wa pili utoke. Lakini mmoja lazima nyayo zake zisisikike kwenye ardhi hii. Alikohoa kidogo. Kwa desturi, alisema, kituo kikikuta hali hii hudhani mlishaji ndiye aliyezembea, akaacha wengine wamlishe. Na kwa kuwa nyumba ni ya Bibi Namkunda, na mdudu ameshamkubali, yeye angeona ni rahisi abaki mwenye nyumba.

Kwa hiyo jambo alilolitaka lilikuwa hapo, limeletwa kwenye sahani. Namkunda asingehitaji hata kuongopa. Ilikuwa anyamaze tu, na kunyamaza alikuwa ameshakuzoea.

Sifaeli aliuliza kama wamwulize mtoto yeye angependa nani.

"Mtoto asiulizwe," Nakiete alisema mara moja. "Akija kukua ataukumbuka huo uchaguzi, utamlemea." Kisha akaweka mikono mapajani. "Huenda ni mimi nilikosea siku za kulisha. Nazeeka. Nitakwenda Vudee."

Aliinuka akaingia chumbani kufunga vitu vyake. Namkunda alimfuata kwa macho kupitia mlango uliokuwa wazi. Nakiete alikunja kanga zake, akaziweka kwenye kikapu. Kisha aliinama kwenye sanduku kama anayeaga, akapitisha kidole kwenye udongo karibu na shimo, akaokota kitu, akakifungia kwenye pindo la kitenge. Alifanya haraka, lakini Namkunda alikuwa amezaliwa na macho ya mbali. Ilikuwa miguu ya nyenje. Miguu mieusi, minene, ya nyenje wa shambani. Kwenye ndoo ya Nakiete hawakuwemo weusi.

Na kwa namna alivyoiokota, bila kushangaa, bila kuigeuzageuza, Namkunda alielewa kwamba haikuwa mara ya kwanza.

Hata hili, aliwaza. Hata hili anataka anishinde. Wivu wake ulikuwa umefika mwisho wa kamba yake, ukakuta hakuna mtu upande wa pili anayevuta.

"Sifaeli, mwanangu," alisema, "andika vizuri. Mkono wa pili ni huu." Akaunyoosha mbele yake, mkono wenye makunyanzi na harufu ya vitunguu. "Nililisha kwa siri. Nilisikia akiniita, nikaona mtoto anapulizwa bure, nikanyamaza. Mkwe wangu hakuzembea."

Kijana aliangalia chini. Chumbani Nakiete alikuwa amesimama na kikapu.

"Nilijua, mkwe," alisema. "Ile miguu niliiona kitambo. Nilidhani umeonja tu ukaacha. Hili la kuita sikulijua, ningelijua ningesema, mtoto ni mtoto. Leo ndiyo nimelielewa."

"Na leo ulikuwa unaondoka kimya?"

"Ungetolewa kwenye nyumba yako mwenyewe, watu wakiangalia. Mimi nyumba isiyo na mtu nimeshaizoea."

Namkunda akamwomba Nakiete kile kikapu. Akamwomba na ufunguo wa nyumba ya Vudee.

*

Vudee ilimpa adhabu ambayo Sifaeli hakuitaja: kila mtu huko alimpenda Nakiete. Jirani aliyeleta maziwa alisema Nakiete ndiye aliyemzalisha. Kuku walikuja mlangoni, wakamtazama Namkunda, wakaondoka. Alilala kwenye kitanda cha Nakiete, akachota kwenye mtungi wake, akapikia sufuria yenye alama za kijiko chake, na wivu uliendelea kumtembelea jioni jioni kama mdai. Ila kulikuwa na picha ya marehemu ukutani, mama yake Navo akiwa na sare za shule, na kiti kimoja tu mezani. Namkunda alipohesabu jioni alizokuwa amekaa hapo, akazilinganisha na miaka ambayo mwenzake alikaa hapo peke yake, alikuwa anapunguza moto na kulala mapema.

Habari zilimfikia kwa kioo cha simu. Navo anaamka. Navo amepigana shuleni, Mungu asifiwe. Shangazi amegoma kula, amejifungia kwa utando. Kisha, siku moja, kwamba wanakuja.

Waliteremka kutoka kwenye kikapu cha waya saa nne asubuhi, na sanduku lilikuwa nao, kwa sababu mtoto hawezi kwenda mahali bila mlinzi wake. Hilo Namkunda alikuwa ameliwaza usiku kucha. Sakafu ni sakafu. Nyayo zake zingesikika Vudee kama Chome. Kwa hiyo walipobisha hodi walimkuta amekaa kitandani kwenye sebule, miguu juu ya kigoda kilichowekewa mto, kama bibi harusi.

"Karibuni," alisema. "Mnisamehe, siinuki."

Kwa mwanamke wa Upareni kupokea wageni bila kuinuka ni jambo la aibu, na lilimchoma. Nakiete alilipita kama hakuliona. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akawasha moto, akawapikia wageni, naye mwenyewe akiwa mgeni, akaleta sahani ya kwanza kwa Namkunda aliyekaa. Kuku walimkimbilia. Namkunda aliona, akauma mdomo, halafu, kwa mara ya kwanza, akacheka.

Navo alizungumza bila kituo. Aliuimba wimbo wa kutwanga wote, na mstari wa mbuzi, na mstari mpya wa kumcheka Sifaeli. Kisha akafungua kikopo cha plastiki alichokuwa amekikumbatia njia nzima. Ndani kulikuwa na Shangazi mwingine, mwepesi, mtupu, mwenye miguu yote na nywele zote, amepasuka mgongoni tu.

"Ni ngozi yake," Navo alisema. "Alilala chali, tukadhani amekufa, bibi Nakiete akalia. Kumbe anajivua. Bibi, hii ndiyo iliyokuwa inakujua. Nimekuletea."

Namkunda aliishika kwenye kiganja. Haikuwa na uzito wowote. Alitaka kusema kitu, na Navo, akidhani hajafurahi, akamrukia shingoni. Kigoda kiliteleza. Kisigino cha Namkunda kikapiga sakafu, puu.

Wote watatu waliganda, wakitazama sanduku juu ya meza. Nakiete alikuwa na kijiko hewani.

Shimo lilikuwa kimya. Mguu mmoja mpya, mweusi unaong'aa, ulionekana mdomoni mwa shimo, ukapapasa kibati, ukarudi ndani. Hakugonga.

"Amekusahau," Navo alinong'ona.

"Amenisahau," Namkunda alisema. Lilimuuma kweli, kama anavyouma mtu anayekupita njiani asikuamkie, na chini ya maumivu hayo kulikuwa na pumzi ndefu ambayo alikuwa hajaivuta tangu alipoinua lile gogo.

Nakiete alisema Sifaeli anataka ngozi moja zaidi, kwa usalama. Namkunda akasema Sifaeli asikilizwe, akarudisha miguu yake kwenye kigoda.

Wakati wa kuondoka Navo alimbusu mashavu yote mawili, kisha akatangulia nje na sanduku, akilibeba kwa mikono miwili. Nakiete alikuwa anafunga kitenge. Alikuwa ameacha kitambaa cha magoti kando ya mto, kimepashwa. Namkunda alikitazama, na safari hii alikichukua mbele ya macho ya Nakiete, akajifunga.

"Asante, mkwe," alisema.

Nakiete alitikisa kichwa, akashika mlango. Namkunda, ambaye katika maisha yake yote wageni walikuja kwake bila kuombwa, aliona mgongo ule ukigeuka, na sauti ikamtoka kabla hajaipanga.

"Mkwe. Mje tena. Hata kama bado siwezi kuinuka, mje."